Maili Arobaini za Kwenye Karatasi

Siku tuliyomzika Projestus Kamugisha, Kondo fundi baiskeli alisimama nyuma yangu pale makaburini, akamnong'oneza mwenzake, naye Kondo hajui kunong'ona. Akasema, "Dereva alikuwa dereva kweli, lakini mkaa wa Mwarabu aliula." Mwenzake akachekea puani. Kokuberwa, mjane wa marehemu, alikuwa hatua tatu mbele yetu, na mtu asiniambie hakusikia. Niliiona shingo yake ilivyoinama.

Niligeuka nikamwambia, "Kondo, funga mdomo, nzi wasiingie." Akafunga. Watu wa Mabibo wananiogopa, na wana haki. Lakini neno lenyewe sikulijibu, na jibu nilikuwa nalo. Bwana Zahor alishatangulia mbele ya haki mwaka wa hamsini na moja. Projestus ndiye tuliyekuwa tunamfukia. Aliyekuwapo jibu lilipopatikana na bado anakula ugali nimebaki mie peke yangu, Mwanabaraka binti Mwinshehe, mchoma mkaa, na kama nikifa nalo basi Projestus atabaki mwizi wa mkaa mpaka siku ya kiyama.

Kwa hiyo naandika. Herufi za Kiarabu nilizipata chuoni, kwenye Kurani, nikiwa mdogo. Hizi nyingine nimefundishwa ukubwani na Benedicta, binti wa marehemu, ambaye sasa ni mwalimu. Naandika makubwamakubwa na karatasi zinakwisha upesi, lakini ninachokiandika nakijua.

Projestus alitoka Bukoba mwaka mmoja kabla ya vita. Gari alijifunza kwa mapadri wa kwao. Alianza kwa kuliosha, akaishia kuliendesha. Alikuwa mrefu, mkimya, na mwendo wake wa polepole uliwaudhi watu wenye haraka. Alipofika huku aliandikwa kazi na Bwana Zahor bin Muhsin, mwenye duka Magomeni, ambaye alikuwa na lori moja. Lori hilo lilipeleka sukari, chumvi na kaniki Mlandizi, likarudi na mpunga na mahindi.

Jambo la kwanza watu walilomcheka Projestus ni kijiti chake. Alikuwa na kijiti cha mwanzi amekikata alama kwa kisu, na kila asubuhi alikichovya ndani ya tangi la petroli, akakitoa, akakitazama hapo penye unyevu. Wenzake walimwambia, "Wee Mhaya, saa ya petroli si ile pale mbele yako, inakuonyesha?" Akajibu, "Saa inaniambia inavyopenda. Kijiti kinaniambia kilipolowa." Na abiria wakimuuliza, "Tutafika Mlandizi leo?" hakusema ndiyo. Alisema, "Kibaha nakufikisha. Mbele ya Kibaha tutaulizana tukifika." Kumbe alikuwa anafika Mlandizi siku zote. Lakini kuahidi alikuwa haahidi.

Vita ikaja, petroli ikawa ya cheti, na cheti kikawa kidogo. Malori yakaegeshwa vichochoroni, kuku wakataga chini yake. Mwaka wa arobaini na tatu Bwana Zahor akapata dawa. Kulikuwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akiuza mapipa ya chuma ya kufungwa nyuma ya kibanda cha dereva. Ndani ya pipa unatia mkaa, unawasha, unazungusha feni kwa mkono, na ule moshi wa mkaa unapita kwenye bomba, unapozwa, unachujwa kwenye katani, unaingia kwenye injini badala ya petroli. Gari linakwenda kwa mkaa! Mie nilipoambiwa nilisema ni uongo. Nililiona kwa macho yangu, likinguruma kama mzee mwenye pumu, lakini likienda.

Pipa lilikuja na karatasi. Ilichorwa lori juu ya barabara nyeupe, nyoofu, isiyo na mtu wala mbuzi. Chini yake iliandikwa, na karani mmoja akamsomea Bwana Zahor mbele ya watu: gunia moja la mkaa, maili arobaini. Bwana Zahor akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa kanzu. Toka siku ile kila aliyeingia dukani, hata aliyefuata kiberiti, alitolewa karatasi akaonyeshwa maili arobaini.

Mkaa wa gari ulitoka kwangu. Mume wangu aliponiacha mjane aliniachia shamba la mikorosho hapa Mabibo na kazi ya tanuri, na nilikuwa nimemzidi kwa kazi hiyo tangu akiwa hai, mwenyewe alijua. Mkaa wangu ulikuwa wa mkambala na mkwaju, si vijiti vya mwembe. Wanawake wa Magomeni walipokuja kununua walikuwa na desturi yao: wanalishika gunia masikio mawili, wanalinyanyua. Gunia jepesi wanaliacha, wanasema huo mti laini, utakwisha kabla maharage hayajaiva. Langu walikuwa wakilinyanyua wanaguna, "Mh! Huu ndio mkaa." Mkaa mzito wa Mwanabaraka, ulijulikana mpaka Temeke.

Basi lori likaanza kwenda kwa mkaa, na halikufika maili arobaini. Halikufika hata ishirini. Safari ya kwanza gunia lilikwisha mbele kidogo ya Kibamba, sehemu za Kiluvya. Safari ya pili hapohapo. Ya tatu kabla ya hapo. Projestus alikuwa akibeba magunia mawili, moja la kwenda na moja la kurudi, kama karatasi ilivyosema. Akalazimika kumwaga la pili njiani, na Mlandizi kuomba mkaa kwa watu apate kurudi.

Bwana Zahor akamwita dukani. Mie nilikuwapo, nimeleta magunia, nimekaa juu ya moja napumzika.

Akatoa karatasi. "Projestus, hapa pameandikwa ngapi?"

"Arobaini, Bwana."

"Na wee unafika ngapi?"

"Kumi na saba, kumi na nane. Nahesabu mawe ya maili ya barabarani."

"Sasa mkaa wa maili ishirini na mbili unakwenda wapi, yakhe? Unaruka?"

"Bwana, karatasi imeandikwa kwao. Huko hakuna mchanga wa Kibamba, hakuna kilima cha Kimara. Na hilo lori la kwenye picha halijapakia kitu."

"Unataka kuniambia Mzungu amekaa chini, akapima, akaandika uongo, ukweli unao wewe na kijiti chako?"

Bwana Zahor akanigeukia mie. "Bi Mwanabaraka, au ni mkaa wako?"

Sasa andika, Mwanabaraka, uandike kama ilivyokuwa. Bwana Zahor hakuwa amesema mwizi. Nilisema mie. Nilisimama juu ya miguu yangu miwili nikasema, "Mkaa wangu haujapata kulalamikiwa tangu nichome. Nyanyua gunia hilo ujionee. Mkaa kama huu usipofika, umechukuliwa."

Dukani kulikuwa na watu sita au saba. Neno likatoka likaenda zake. Kokuberwa alikuwa ameletwa kutoka Bukoba mwaka ule pamoja na Benedicta, wa miaka saba, na alikuwa akiwapikia wali vibarua wa barabara ili kusaidia nyumba. Jioni ileile Magomeni nzima ilikuwa imeshajua anapikia mkaa gani. Watoto wakamtungia Benedicta jina, wakamwita Binti Mkaa. Wengine walimwita hivyo mpaka alipoanza kufundisha.

Bwana Zahor alikuwa mtu wa haki kwa kadiri yake. Hakumfukuza palepale. Alisema, "Jumatatu nitapanda mwenyewe. Gunia nitalifunga kwa mkono wangu. Tukifika Mlandizi nalo, umekuwa ukiniibia, na nitaiandikia kila nyumba yenye gari mjini. Tusipofika, nitajua la kufanya." Nanyi mjue dereva wa siku zile bila neno zuri la tajiri wake hapati hata toroli la kusukuma. Angerudi Bukoba na jina la mwizi, mke na mtoto nyuma.

Nikasema, "Na mie napanda. Mkaa wangu hausafiri peke yake."

Jumatatu asubuhi tukaondoka Magomeni watatu: Projestus kwenye usukani, Bwana Zahor pembeni yake na karatasi mfukoni, mie juu ya shehena, nimekaa karibu na pipa nalitazama kama mwari. Bwana Zahor alikuwa amefunga magunia mawili kwa uzi mwekundu. La kwanza likakatwa uzi mbele yetu sote, likamiminwa lote.

Lakini hatukuondoka mara moja. Moto uliwashwa, feni ikazungushwa. Projestus akazungusha, akachoka, akazungusha Bwana Zahor, akachoka, nikashuka nikazungusha mie. Moshi mweupe ukatoka mwingi, mzito, injini ikakohoa ikazima. Nusu saa nzima. Tulipopata mngurumo, mkaa kwenye pipa ulishashuka kiganja, na lori lilikuwa bado limeegemea ukuta wa duka.

"Hii haihesabiwi," Bwana Zahor akasema.

"Sawa, Bwana. Ila moto haujui kama hauhesabiwi."

Tulipofika Ubungo, Bwana Zahor akasema simama. Pale palikuwa na duka la shemeji yake, na Bwana Zahor kupita dukani kwa shemeji bila kumsalimu, afadhali apite bila kanzu. Akashuka. Salamu zikaanza: hujambo, wa nyumbani, mgonjwa wenu, yule aliyesafiri. Kahawa ikatoka, halua ikatoka. Mie na Projestus tukabaki garini.

Nikamwambia, "Zima basi."

"Nikizima, mama, tunaanza tena feni nusu saa. Nikiacha, unaungua. Chagua."

Nikachungulia pipa. Mkaa wangu ulikuwa ukiwaka taratibu, wa kupendeza, kwa ajili ya salamu za shemeji. Hapo ndipo nilipoanza kumtazama Projestus kwa jicho jingine, ingawa mdomo niliuweka palepale. Bwana Zahor aliporudi anapangusa masharubu, nikamuuliza, "Kwenye karatasi yako wameandika halua?"

"Bi Mwanabaraka, wee ni mchoma mkaa au wakili wa dereva?"

"Wakili wa mkaa."

Kilima cha Kimara lori lilikishika vizuri, likakiachia katikati. Gesi ya mkaa haina nguvu ya petroli. Penye mlima inakuwa kama punda aliyekwisha amua. Tukashuka. Bwana Zahor akavua viatu, akafunga kanzu kiunoni, akasukuma. Nasema ukweli, alisukuma kiume. Mie nilisukuma zaidi. Mtu mmoja aliyekuwa akipita na mihogo kichwani akauliza, "Hilo ndilo gari linalokwenda lenyewe?" Tukaendelea kusukuma.

Tukapita Kibamba. Mchanga ukaanza, ule mwekundu wa kiangazi unaomeza gurudumu mpaka nusu. Projestus akawa anaendesha huku ametega sikio. Nikaona anapunguza, anaupapasa usukani kama anambembeleza mtu. Jua lilikuwa kichwani. Kwenye jiwe la maili la kumi na saba injini ikapiga chafya mbili, ikanyamaza. Nikafungua pipa: majivu na vipande vitatu vyekundu.

Bwana Zahor akashuka, akalitazama jiwe, akatoa karatasi, akaitazama, akalitazama tena jiwe. Watu wote waliokaa garini alikuwa anawaona, na gunia alilifunga mwenyewe. Mwizi hakuwamo. Mie moyoni nikasema, haya, sasa litakuja kwangu. Na likaja.

"Gari nimeliona. Dereva sikumwona akiiba. Basi ni dereva hajui kuendesha, au ni mkaa."

"Mkaa wangu!" nikaanza.

Projestus hakuingilia. Alikwenda nyuma ya gari, akapiga goti chini ya lile pipa dogo la kupozea, akafungua koki yake. Maji yakatoka. Nikadhani yatatoka kikombe. Yakatoka, yakatoka, yakachimba kishimo mchangani, yakawa yanatiririka kuelekea kwenye miguu yangu. Ndoo nzima. Na mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu.

Mimi nilijua yametoka wapi. Msomaji ambaye hajachoma mkaa nimweleze. Ukifukua tanuri, mkaa unatoka na cheche zimejificha ndani. Usiponyunyizia maji, gunia linakuungulia mgongoni. Ndiyo desturi, marehemu baba alifanya, kila mchomaji anafanya. Lakini ukishazima cheche unaacha. Mie nilikuwa siachi. Nilikuwa naongeza makopo mawili matatu kabla ya kushona gunia. Vumbi linatulia, mkaa unang'aa, na gunia linakuwa zito. Wale wanawake wakinyanyua wanaguna "mh!", nusu ya ule mguno ulikuwa maji ya kisima changu. Na kwa maharage haikuwadhuru: mkaa ukikaa jikoni siku mbili unakauka. Garini ulikuwa unamiminwa pipani siku ileile.

Projestus akainua macho akanitazama. Ule mtazamo mpaka leo ninao. Alikuwa amejua. Nadhani alijua toka safari ya kwanza, maana hiyo koki alikuwa akiifungua kila siku.

Bwana Zahor akauliza, "Haya maji ya nini?"

Projestus akasema, "Pipa linatoka jasho, Bwana. Kama mtu."

"Jasho la ndoo nzima?"

"Linafanya kazi sana."

Bwana Zahor akamtazama muda mrefu. Kisha akanyoosha kiganja. "Nipe funguo. Gari langu haliwezi kuendeshwa na mtu ninayemuuliza jambo akanifanyia mzaha. Nikifika mjini nitaandika barua zangu."

Projestus akatia mkono mfukoni. Akautoa na funguo. Mtu huyo mie nilimwita mwizi mbele ya watu saba, na angalisema neno moja tu, angaliokoka, nami ningalianguka. Mjane mchoma mkaa akishajulikana anauza maji, amekwisha. Alikuwa ananifikiria mie! Hilo ndilo lililoniudhi. Mie sijazoea kufadhiliwa.

Nikasema, "Bwana Zahor, rudisha mkono wako. Maji ni yangu."

"Yako vipi?"

"Naloweka magunia. Yawe mazito. Haya, nimeshasema, sirudii."

Bwana Zahor akakaa kwenye jiwe la maili, akashika kichwa. Nilidhani analia. Kumbe anacheka. "Lahaula! Miezi miwili nimekuwa nikiendesha kisima!"

"Cheka," nikamwambia, "lakini na wewe kwa shemeji umeunguza maili mbili. Na hiyo karatasi yako itoe mfukoni, hata mkaa ungekuwa mkavu kama mfupa, arobaini haifiki."

"Hapo mama kasema kweli, Bwana," Projestus akasema.

"Tutajuaje?"

"Tuanike."

Tukatandika turubai kando ya barabara tukalimwaga gunia la pili, tukalianika kwenye jua la Kiluvya kama mpunga. Mie nilikaa hapo nikivunjavunja yale mapande makubwa kwa jiwe mpaka yakawa kiasi cha ndimu, maana Projestus alisema mapande makubwa yanaacha uwazi, moto unaruka ovyo. Bwana Zahor alikuwa anageuza kwa fimbo. Ukituona, ungesema ni familia moja ina msiba wa mkaa. Alasiri tukazoa, tukatia, tukawasha. Moshi haukuwa mweupe tena. Injini iliitika ndani ya dakika kumi.

Tukageuza kurudi, na tukafika Magomeni jua halijazama na pipa bado lina mkaa zaidi ya nusu. Bwana Zahor akapiga makofi. "Arobaini! Si niliwaambia!"

"Hapana, Bwana," Projestus akasema. "Kurudi ni mteremko. Na hatukunywa kahawa. Usiandike arobaini."

Ndivyo alivyokuwa. Ndiyo kwanza ameponea chupuchupu, na ile namba ingempendeza tajiri wake, na bado akaikataa.

Kabla hatujashuka ndipo tulipokubaliana. Bwana Zahor alisema atatangaza dukani kwamba Projestus ni mtu safi. Projestus akauliza, "Utawaambia mkaa ulikwenda wapi?" Bwana Zahor akanitazama. Watu watauliza, na jibu ni moja, na jibu lenyewe ni kula yangu. Projestus akasema, "Basi acha. Wewe umejua, mama amejua, mie nimejua. Funguo ninazo. Watu watasahau." Mie nilipaswa kusema hapana. Sikusema. Nilishuka nikaenda zangu Mabibo, na watu hawakusahau.

Toka hapo Bwana Zahor alikuwa na mkaa wake mbali: mkavu, umevunjwa, umekaa juani siku mbili, maji yale ya kuzimia cheche tu. Projestus akapima kwa mwezi mzima, jiwe kwa jiwe, na akaandika kwa chokaa ndani ya mlango wa lori. Kiangazi, mzigo nusu: ishirini na saba. Kiangazi, mzigo kamili: ishirini na nne. Masika: kumi na tisa. Na chini akachora kikombe cha kahawa, akaandika: ondoa mbili. Bwana Zahor aliona, akaguna, lakini hakufuta. Akawa anamsalimia shemeji kwa kumpungia mkono, na shemeji alinuna mwaka mzima. Na Mlandizi wakawa wanafika siku zote, kwa gunia na debe, kwa kuwa walibeba gunia na debe. Malori mengine mawili ya mkaa yaliyokuwa yakienda kwa ile karatasi yalikuwa yakilala Kibamba mpaka wenyewe wakayachoka. Abiria wakajifunza. Walikuwa wakisema, Mhaya akikwambia Kibaha, funga mzigo wa Mlandizi.

Vita ikaisha, petroli ikarudi, pipa likang'olewa; nililichukua mie, natilia maji ya bustani. Projestus aliendelea na Bwana Zahor mpaka Bwana Zahor alipofariki, kisha akaendesha lori la mtu mwingine, na kijiti chake cha mwanzi. Alijenga hapa Mabibo, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Miaka kumi na nne tulipeana chumvi na moto. Kokuberwa amenifundisha kupika matoke. Nimeyapika, bado nasema ni ndizi. Lile jambo Projestus hakulitaja kwangu hata mara moja. Mara nyingine watoto wakipita wakimwita Benedicta lile jina, aliinua macho akanitazama kidogo, kisha akaendelea na kazi yake. Ningependa anitukane.

Nami niwaambie lote. Gunia la gari nililikausha, lakini magunia ya akina mama niliendelea kuyalowesha. Walitaka mazito wenyewe. Nimeyalowesha mpaka wiki tuliyomzika.

Nilipomaliza kuandika mpaka hapo nilimpa Benedicta atazame herufi. Herufi, nilimwambia, maneno usiyaguse. Akakaa kwenye kigoda changu na penseli nyekundu ya shuleni. Akawa anasahihisha, anasahihisha, alipofika penye koki na maji mchangani penseli ikasimama. Alisoma mpaka mwisho bila kutia alama yoyote. Mie nilikuwa natwanga kisamvu, niliendelea kutwanga.

"Bibi," akasema, "mama anajua?"

"Nadhani baba yako alimwambia. Wee ndiye hukuambiwa."

"Nilikuwa napigana shuleni. Nilimng'ata mtoto sikio."

"Najua. Nilikuwa naona unavyorudi, nguo imechanika."

Nikamwambia, "Ukitaka kunirushia kigoda, kirushe." Hakukirusha. Akapangusa macho kwa ncha ya kanga, akachukua penseli akarudi kwenye ukurasa wa pili, akasema kwa sauti ya mwalimu, "Hapa kwenye 'arobaini' umeruka herufi." Nikajua waraka huu atausoma.

Tumekubaliana Jumapili, watu wakikusanyika kwao kwa arobaini ya marehemu, atasimama na kuusoma wote, kwa sauti, na Kondo fundi baiskeli nimemwalika mwenyewe kwa mdomo wangu. Nitakaa mbele. Anayetaka kuacha kununua kwangu aache. Na anayetaka kuendelea, jana nimefukua tanuri, mkaa wa mkambala, nimeuanika siku nzima. Magunia yapo mlangoni, yamejaa mpaka juu, na ni mepesi. Njooni mnyanyue.